Mwalimu wa Ilomba na Mchezo Wake wa Rangi

Binti yake alinipigia simu Jumatatu asubuhi, chai yangu ikiwa bado haijapoa, akasema, "Mzee katutoka." Nikampa pole, nikauliza ilikuwaje, akasema alfajiri, moyo, na kwamba mazishi yatakuwa Jumatano palepale Mbeya kwa sababu mwenyewe alikwisha kukataa kusafirishwa. Nilibaki na simu mkononi. Sikulia, nilikasirika. Nilijikasirikia mwenyewe, na sababu yake nitaieleza humu humu, maana safu ni yangu na aibu ni yangu vilevile. Jina lake sitaliandika. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba humu simtaji mtu, na yeye, aliyefundisha kemia karibu maisha yake yote ya kazi, aliwahi kunionya kwamba siku nikimtaja gazetini atanifuata ofisini anichape mbele ya mhariri. Hiyo ilikuwa kabla hatujazoeana vizuri. Baadaye sikumsikia tena akitania habari za fimbo.

Tulijuana kwa ugomvi. Niliandika hapa, kwa mbwembwe zangu za siku zote, kwamba magemu ya kwenye simu yanaozesha akili za vijana, na kwamba mtu mzima anayegusagusa vidude vya rangi kwenye kioo anahitaji kupewa jembe. Kesho yake simu ikaita. "Wewe ndiye yule anayeandika?" Nikasema ndiye. "Wiki hii umeandika upuuzi." Nikamuuliza anaongea nani. "Naongea mimi, mwalimu mstaafu, nipo Ilomba. Njoo unione nikitengeneza gemu, mzee wa umri huu, halafu ukaandike tena." Akakata. Nilikwenda, nimejiandaa kubishana. Ilikuwa ile miezi ambayo baridi ya Mbeya inaingia mpaka kwenye mifupa, na nilimkuta sebuleni kwake amevaa koti zito na kofia ya sufu, chupa ya chai pembeni, kompyuta ya binti yake magotini. Binti alikuwa amesomea mambo hayo na alikuwa akiwatengenezea watu tovuti. Tangu mama yake afariki, mzee alikuwa akishinda anaangalia ukuta, ndipo binti akaona heri amfundishe kuandika programu kuliko kumwacha aongee na ukuta huo. Mzee alishika kama alivyokuwa akiwataka wanafunzi wake washike, kwa daftari, kalamu na kurudia makosa mpaka yaishe.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi kabisa. Haukuwa wa kupakua. Unafungua gugo kwenye simu kama unavyotafuta habari nyingine yoyote, unaingia, unacheza, maana mzee alichukia kumla mtu bando. Unaona vyumba tisa vya mraba, vyote vya rangi moja isipokuwa kimoja ambacho kimetofautiana kidogo. Unakigusa hicho. Ukipatia, vyumba vinaongezeka na tofauti inapungua, unaendelea hivyo hivyo mpaka macho yasalimu amri. Alinieleza kwamba kila rangi ndani ya kompyuta ni namba tatu tu, moja ya wekundu, moja ya ukijani, moja ya ubluu, na ukiigusa moja kidogo rangi nzima inahama. "Ni kama kuchanganya dawa maabara, mwandishi, ila hapa huunguzi nguo." Nikacheza. Kwenye ukurasa wa kumi na kitu nikaanza kubahatisha, na mzee akacheka mpaka akakohoa. "Macho yako mazima. Ulichokosa ni subira." Nilirudi nyumbani sina hoja, na kuanzia hapo nikawa napita kwake kila nikipata nafasi.

Msidhani kazi ile ilikuwa rahisi kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Mtaani, mtu mzima akikuletea gemu kwenye simu, swali la kwanza ni hela zinaingia wapi. Watu walidhani ni kamari. Mzee mmoja wa kanisa alimfuata hadi nyumbani kumuuliza, kwa upole mwingi, kama mwalimu wetu naye ameanza kubeti. Akamwonyesha vyumba vyake vya rangi, mzee wa kanisa akacheza, akakosa, akasema, "Sasa mbona hata hainilipi nikipata?" Mwalimu alikasirika wiki nzima. Halafu kukawa na simu zenyewe. Moja kioo kimepasuka, nyingine mwenyewe amepunguza mwanga mpaka mwisho ili chaji isiishe, nyingine ya bei rahisi inafanya kila kitu kielekee unjano. Alikuwa akisimama mlangoni kwa muuza duka na simu mbili mkononi, zote zimefungua ukurasa uleule, anaziinua juani kisha anazirudisha kivulini, analaumu viwanda vya huko zilikotoka. Binti naye akagundua kwamba watu wanapatia kwa kufuata weusi na weupe, wala si rangi. Chumba kikiwa na giza kidogo kuliko wenzake, jicho linakikamata hata kama rangi yenyewe halijaiona. Ikabidi waanze upya, kila chumba kipewe mwanga wake tofauti bila mpangilio, rangi tu ndiyo ibaki ya kumtambulisha aliyejificha. Hapo ndipo mchezo ukaacha kuwa wa kupitisha muda, ingawa wenyewe walikuwa hawajajua.

Nimewahi kusikia vijana wakisema wastaafu hawana la kufanya isipokuwa kusubiri pensheni na kulalamika. Mimi nimemwona mzee mwenye moyo mgonjwa akigombana na namba tatu kutwa nzima kwa sababu kijani chake kimekaa vibaya. Nchi hii ina watu wa namna hiyo wengi, wamekaa sebuleni na makoti yao, na hakuna anayewauliza wanajua nini. Lakini leo sitaki kumsifia. Nimekuja kueleza kilichomla.

Katika kuongeza kurasa, mzee alitaka moja ikumbushe maabara. Kuna chumvi za chuma ambazo ukizimimina kwenye testi tyubu na kuongeza dawa fulani, zinatoa mashapo, ule unga unaozama chini. Chumvi ya aina moja inatoa mashapo ya kijani, ya aina nyingine inatoa ya kahawia. Ni jambo ambalo kila aliyesoma kemia amelifanya, na kwenye mtihani wa vitendo ukikosea rangi umekosea kila kitu. Mzee alifumba macho akakumbuka rangi hizo mbili, akamtajia binti namba, wakatengeneza ukurasa. Mimi siku hiyo sikuwepo, nimesimuliwa na binti. Walimwita fundi cherehani wa nyumba ya pili kuujaribu, mwanaume ambaye kwa kushona mkono wa shati hakuna fundi Ilomba anayemfikia. Akapita kurasa zote za bluu na njano bila kusita. Kufika hapo akakwama. Akagusa huku, akagusa kule, akageuza simu. "Mwalimu, hapa mmetega. Vyote ni kimoja." Waliokuwepo wakacheka. Fundi naye akacheka, wala hakuona haya. "Mi hizi rangi mbili nazionaga moja tu, tangu mdogo. Nyuzi ananipangiaga mama watoto, anaweka alama." Binti akasema mbona hilo ni jambo linalojulikana, wapo watu wanaozaliwa hivyo, wengi ni wanaume, wala si ugonjwa wa kutisha. Mzee akauliza, "Kwa hiyo kijani anaweza kuiona kahawia?" Binti akasema ndiyo. Mzee akasimama, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Binti alidhani ni moyo.

Alinieleza mimi wiki mbili baadaye, na alinieleza akiwa ameangalia mikono yake. Alikuwa akifundisha Iringa, kwenye shule ambayo sitaitaja. Darasani kulikuwa na mwanafunzi kutoka Idodi, mtoto wa mkulima wa mpunga, wa kwanza kwa hesabu, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Nyinyi mliosoma shule zetu mnajua somo la vitendo lilivyokuwa. Vifaa havitoshi, testi tyubu moja watu kumi, aliye mbele anaona, aliye nyuma anaambiwa. Jibu linatoka meza ya kwanza linasafiri kwa kunong'onezana mpaka dirishani, na mwalimu anajua, na wanafunzi wanajua kwamba mwalimu anajua. Siku hiyo chumvi ilitoa mashapo ya kijani. Darasa zima likaandika kijani. Mtoto wa Idodi akaandika kahawia. Mwalimu akamkata alama, akapita. Wiki iliyofuata akaleta chumvi ileile makusudi, na yule mwanafunzi akaandika tena kahawia, kwa mwandiko wake uleule mzuri. Mwalimu akaona anafanyiwa dhihaka. Akamwita mbele. "Sikumbuki nilimchapa ngapi," aliniambia. "Ndilo linaloninyima raha, mwandishi, sikuhesabu. Nikamwambia aende akalete mzazi. Hakurudi." "Darasa zima walinakili, nikawapa alama. Mmoja akaandika alichokiona kwa macho yake, nikamchapa."

Daktari alikwisha kumwambia kwamba moyo wake umechoka. Kwa hiyo alitaka mambo mawili, na aliyataka haraka. La kwanza, mchezo ule uwafikie walimu, ili kabla darasa halijaingia maabara kila mwanafunzi aucheze dakika mbili, ijulikane nani anaonaje. La pili, ampate yule wa Idodi, amwombe msamaha kabla ya kufa. Aliniomba mimi nisaidie kwa kuandika hapa. Nikasema nitaandika. Niliyasema hayo kwa moyo wote, halafu sikuandika. Kila wiki kulikuwa na jambo nililoliona kubwa zaidi, na nilijiambia kwamba habari za rangi na testi tyubu zitawachosha wasomaji. Akinipigia namjibu, "Ipo kwenye foleni, mwalimu." Loh! Foleni ipi, na mimi ndiye niliyekuwa naipanga?

Walimpata bila mimi. Waliosoma pale wana kundi lao la wasapu, binti akaulizia, na jioni hiyohiyo wakajibiwa kwamba mtu wao yupo Ipogolo, palepale Iringa, anaziba pancha kandokando ya barabara kuu. Nikajitolea kuwapeleka, nadhani kwa kutaka kufuta ile aibu ya foleni. Tuliondoka Mbeya mapema, mimi nikiendesha, binti kakaa nyuma. Mzee alivaa suti na tai kama anayekwenda kusimamia harusi. Mpaka Makambako alikuwa ameelekea dirishani, midomo inacheza, anarudia maneno yake. Nilimtania kwamba hata mtihani wa taifa hausomewi hivyo. Hakucheka.

Tulimkuta mtu wa makamo, mvi zimeanza pembeni mwa kichwa, ovaroli imeiva kwa grisi. Alimtambua mwalimu kabla hatujafunga milango ya gari. Akaacha alichokuwa akifanya, akajifuta mikono kwa kitambaa, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Kumbe wanijua?" "Nakujua." Alikuwa na kiti kimoja tu, akampa mwalimu. Yeye akakaa juu ya tairi. Mwalimu akamuuliza habari za nyumbani, akajibiwa nzuri, akauliza watoto, akajibiwa wapo, wanasoma. Kisha akatoa simu mfukoni. Akamfungulia mchezo, akamwelekeza, na yule bwana akacheza kwa kidole kilichopasuka, taratibu, kwa adabu, kurasa zote mpaka ile ya maabara. Pale akaangalia kwa muda. Akamrudishia simu. "Hapa vyote sawa tu, mwalimu." Jamani, mwalimu alilia! Alilia na huku anaeleza. Alieleza jicho lilivyo kwa ndani, chembe zinazopokea rangi, jinsi mtu anavyorithi kutoka kwa mama yake, akaokota kijiti akachora chini kwenye vumbi. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia mwalimu yeyote. "Umeona sasa? Ulikuwa huoni! Hukuwa unanidhihaki, ulikuwa huoni!"

Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akasema, bila kupandisha sauti, "Mwalimu, mbona nilikwambia."

"Uliniambia nini?"

"Siku ile. Nilisema, mwalimu, kwangu mimi inaonekana hivi. Ukasema naleta ujeuri, ukaongeza."

Mimi niliangalia michoro pale chini. Nilijua, na binti alijua, na nadhani mzee alijua kuliko sisi wote, kwamba ile kazi yote ya miezi, namba tatu, simu mbili juani, vyumba vya mraba, ilikuwa inatafuta jambo ambalo mtoto wa watu alikwisha kulisema kwa mdomo wake, kwa Kiswahili cha kawaida, mbele ya darasa zima. Halafu lori likasimama, tairi la nyuma limekaa chini, utingo akaruka anaita fundi, fundi. Yule bwana akainuka. "Samahanini wazee wangu, nina kazi. Mwalimu, asante kwa kuja. Wasalimieni nyumbani." Akaenda. Tukaingia garini.

Hatukuwa tumefika hata Ifunda mzee aliposema, "Geuza gari." Nikamuuliza amesahau nini. "Sijamwomba msamaha." Binti akasema, "Baba, si umelia pale, ameelewa." Mzee akatikisa kichwa. "Nimemfundisha. Nimesafiri kutoka Mbeya nimekwenda kumfundisha tena somo zima, na neno lenyewe sikulitamka. Geuza gari." Sasa nisikilizeni mimi. Niliangalia saa. Nilikuwa na safu ya kupeleka kwa mhariri usiku uleule na sikuwa nimeandika hata mstari, na sipendi kuendesha giza likishaingia, na nilikuwa na njaa. Nikasema, "Mwalimu, tutarudi mwezi ujao, tupange vizuri. Yule yupo tu, hahami." Aliniangalia. Akasema, "Haya," jinsi anavyosema mzee aliyepanda gari la mtu. Nikakanyaga mafuta. Safu niliyoiandika usiku ule sikumbuki hata ilihusu nini.

Mwezi ujao ulifika. Gari langu lilikuwa gereji. Uliofuata zikawa mvua. Nilimshauri apige simu, namba si tunayo, akanijibu kwamba fimbo hakuipiga kwa simu. Nilimwambia basi nenda na basi, mpande na binti, na binti akakata tiketi, lakini wiki ileile miguu ikaanza kuvimba, na daktari akamkataza kusafiri. Tangu hapo hakutoka tena Ilomba. Kitu alichoweza kukirekebisha alikirekebisha. Kwenye mchezo, ukikosea, lilikuwa likitokea neno UMEKOSEA kwa herufi nyekundu kubwa, alilipenda sana neno hilo, lilikuwa la kiualimu. Akalifuta. Badala yake ukigusa chumba kisichokuwa chenyewe, unaulizwa, "Wewe unaona nini?" na panafunguka nafasi ya kuandika. Binti alinionyesha majibu wakati wa msiba, tumekaa nje na wafiwa. Mmoja ameandika anaona tope. Mwingine, majani yaliyokauka. Mwingine ameandika kwamba yeye ni dereva na hajawahi kumwambia mtu. Mzee aliyasoma yote, miwani puani, moja baada ya jingine, na alikuwa akimwambia binti amjibu kila aliyeandika kwamba amesikiwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimsubiri aandike. Hakuandika.

Tulimzika Jumatano, mvua ikituonea haya kwa nusu saa kisha ikamwagika. Walimu wenzake walisema maneno mazuri ya kumsifu. Mimi niliombwa niseme neno, nikakataa. Alhamisi asubuhi niliwasha gari, nikaenda Ipogolo peke yangu.

Nilimkuta ameinama kwenye karai la maji, anazungusha mpira wa tairi kutafuta mapovu. Nikamwambia, mwalimu amefariki. Akaacha mikono majini. "Poleni. Mungu amlaze pema." Nikamwambia nimekuja kwa sababu marehemu alitaka kumwomba msamaha, na hakuwahi. Akaendelea kuzungusha mpira. "Angekuja yeye," alisema. Sikuwa na ujasiri wa kukaa, niliongea nimesimama. Nikamwambia kwamba siku ile tulipoondoka, kabla ya Ifunda, mzee alisema tugeuze gari arudi aliseme neno hilo, na kwamba mimi ndiye niliyekataa, kwa sababu ya saa na njaa na kazi yangu. Hapo akainua uso, na ndiyo mara ya kwanza aliniangalia mimi.

"Alisema mgeuze?"

"Alisema."

"Siku ileile?"

"Siku ileile. Hatukuwa mbali."

Akatoa mikono kwenye maji, akakaa chini, mgongo kwenye ukuta wa kibanda chake. "Siku ile sikufunga mapema," alisema. "Wenzangu waliondoka, mimi nikabaki mpaka giza likaingia. Nilijiambia, yule mzee nimemwona machoni, atarudi." Akajifuta uso kwa mkono uleule wenye maji. "Ningemwambia yameisha. Nilikuwa nimejiandaa kabisa." Nilimwomba msamaha mimi, kwa sehemu yangu, na akasema sawa, kama mtu anavyosema sawa kwa mgeni, kisha akarudi kwenye karai lake.

Kwa hiyo nimeandika, mwalimu, nimechelewa. Mwalimu mwenzake unayesoma hapa, darasani kwako yupo mmoja anayeandika tofauti na wenzake wote. Muulize anaona nini, halafu nyamaza usikie, huna haja ya kusubiri gemu ikwambie. Na wewe uliye na mtu wa kumwomba msamaha, nenda leo, ukifika lianze neno lenyewe, maelezo yatafuata. Lakini somo langu ni kwa watu wa aina yangu, ambao makosa si yetu na msamaha si wetu, sisi tumeshika usukani tu. Mtu akikuambia geuza, usimuulize saa ngapi. Yuko mtu huko nyuma hajafunga, anaangalia barabara, na wewe ndiye unayemchelewesha.